Nilijigamba Fundi wa Video Tu, Harusi ya Rafiki Yangu Ikanyamaza

Wenzangu, kosa nililifanya mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wanawake nusu ya Malindi. Sikusukumwa na mtu wala na shetani. Shetani siku ile nadhani alikaa pembeni akinitazama na kustaajabu.

Jina langu silitaji, na nyinyi mnaonijua tafadhali nyamazeni. Najua mtacheka. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka, ingawa katikati ya kicheko kuna mahali panauma bado.

Mimi ni mwanamke na ni fundi. Usishtuke. Baba yangu ana karakana ndogo hapa mjini, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Nilikulia mezani pake, kati ya bisibisi na redio zilizopasuliwa matumbo. Nilipomaliza shule macho yake yalikuwa yameanza kufifia, basi kidogo kidogo kazi ikawa yangu.

Na kazi yenyewe ilikuwa kila kitu. Redio, pasi, feni, cherehani, friji za umeme na za mafuta ya taa. Tena nilikuwa na bahati ambayo fundi mwanamume hana: mimi nafika uani. Nyumba nyingi za mji wetu, bwana akiwa hayupo, fundi mwanamume hukaa barazani akangoja kitu kitolewe nje. Mimi navua viatu napita moja kwa moja mpaka jikoni. Nikimaliza kilichonileta, mama mwenye nyumba husema, "Na hili nalo mwanangu, hebu litazame." Nami nalitazama. Naondoka nimeshiba mahamri na habari zote za mji ninazo.

Ningetosheka hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini video zikaingia.

Mnakumbuka zilivyoingia! Mwenye video alikuwa mtu mkubwa kuliko mwenye gari. Watu walijaa sebuleni mwake mpaka dirishani, na kanda ikikwama yeye hajui aite nani, mashine inapakiwa kwenye basi la Mombasa kama mgonjwa. Nikasema moyoni, hapa pana mkate. Nikamwomba baba ruhusa, nikaenda kukaa kwa shangazi Mombasa nikajifunza video na televisheni za rangi.

Mkufunzi wetu huko alikuwa mtu wa suti na maneno mazuri. Alituambia zama za kushika hiki na kile zimepita. "Daktari wa macho hang'oi meno," alisema. "Mshika mawili, moja humponyoka. Chagueni fani moja mzame ndani yake." Maneno hayo niliyameza bila maji.

Nilirudi Malindi na kibao nilichoandikisha kwa rangi mbili: VIDEO TU. Nikakipigilia juu ya mlango wa karakana.

Baba alikisoma kwa kukisogelea, kwa sababu ya macho, kisha akarudi kwenye kiti chake na tambuu yake. "Ni sawa kujua jambo moja sana," akasema. "Lakini hawa waja hapa kwa miaka yote hawaji na vyombo, mwanangu. Waja na shida."

Nilimwona mtu wa zamani. Mungu anisamehe.

Basi nikaanza kukataa kazi. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alinijia na pasi yake kaifunga kwenye kanga. Nikamwambia ampelekee fundi wa pasi. "Fundi wa pasi ndiye nani?" akauliza. Nikamwambia simjui. Akanitazama, akaitazama pasi, akaenda zake. Cherehani nilizikataa. Friji nilizikataa. Meza yangu ikawa safi, imepanguswa, na juu yake hamna kitu.

Sitaki kusema uongo hapa: video niliijua, na ninaijua. Kanda iliyojikunja ndani ya mashine kama utumbo niliitoa nzima bila kukatika. Mwenye duka moja la kukodisha kanda akaniamini, akanunua kamera ya begani, akanipa niwe napiga picha harusi za wanawake, kwa kuwa mpiga picha mwanamume hawezi kupita pale mlangoni. Nikawa naitwa mtaalamu. Ukiitwa hivyo mara nyingi, shingo hurefuka yenyewe.

Na hapo ndipo Mwalimu anapoingia.

Huyu alikuwa akifundisha shule ya msingi Mambrui, kwao ni huko huko. Alinijia kwanza na redio yake ndogo, ndiyo kabla sijakwenda Mombasa. Niliifungua nikakuta betri moja imegeuzwa. Nikaigeuza, redio ikaimba. Wiki ya pili akarudi, betri imegeuzwa tena. Nikamuuliza kama shuleni kwao kuna mtu anayezigeuza. Akasema, "Mimi mwenyewe." Basi nikajua, na nikafurahi, tena sana. Nilimpenda yule mtu. Alikuwa na sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi vizuri, na akikusikiliza hatazami kando.

Niliporudi na kibao changu tulikuwa tumekwisha elewana, imebaki wazee. Siku moja akaniambia, "Mama yuwaja harusini kwa Rukia. Atakutazama."

"Anitazame nini?"

"Akutazame tu. Wewe si wawajua mama zetu?"

Nawajua sana! Kwetu mama anayemtafutia mwanawe mke haendi harusini kula biriani. Anakaa pembeni, na macho yake yanapita juu ya mabinti wa watu mmoja mmoja: huyu anakaaje, anaamkiaje, mkono wake ukoje. Harusi moja inazaa harusi tatu.

Rukia (nimembadilisha jina) ni rafiki yangu wa tangu chuoni, tulisoma Kurani mkeka mmoja. Alinitaka mimi nimpige video siku ya kupambwa kwake, hakutaka mwingine. Kwa hivyo siku moja nilikuwa na mambo mawili: harusi ya sahibu yangu, na macho ya mama Mwalimu.

Nilifikiri sana juu ya macho hayo. Mimi vidole vyangu vina makovu ya solda, ile risasi ya moto ya kuungia nyaya. Nikajiambia, mama wa mwalimu hawezi kutaka mkwe anayepiga magoti kwenye vumbi na bisibisi mdomoni. Atataka mtu wa fani, mtu nadhifu. Nikajipaka hina na piko mpaka makovu hayaonekani. Nikavaa gauni la zambarau linalong'aa na viatu vya kisigino kirefu, kamera begani. Nilijiona nimefika.

Shughuli ilikuwa alasiri, uani kwa kina Rukia, wametandika mikeka na turubai juu. Kikundi cha kina mama waimbaji kilikuwa na kinanda, ngoma na maikrofoni. Spika na mashine ya kuzikuzia sauti zilikodishwa kwa mzee mmoja, ambaye alikuja asubuhi kabla ya wageni akaunganisha kila kitu, kisha akatolewa nje. Umeme ulitoka ndani ya nyumba kwa waya mrefu uliopita chini ya mikeka. Katikati waya ulikuwa na kiungo alichokifunga kwa utepe. Nilikiona nilipofika, pembe ya mkeka imefunuka. Jicho la fundi halina likizo. Nikakipuuza, mimi ni wa video.

Wageni wakajaa. Mama Mwalimu nilimtambua mara moja, sura ni ile ile, ila yake ina ukali kidogo. Nikamwendea kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe?"

"Ndimi."

Akanishika mkono, akaugeuza kiganja, akauachia. Sikujua alitafuta nini.

Sasa sikilizeni. Rukia anatolewa. Somo wake, yule mama aliyemfunda, kamshika mkono, anashuka ngazi taratibu macho chini, amependeza mpaka mtu unataka kulia. Waimbaji wakanyanyua wimbo wa kumpokea. Katika ubeti wa kwanza, pale pale anapokanyaga mkeka, nikasikia *tss* karibu na mguu wangu, na spika zikafa.

Kimya. Wanawake uwanja mzima, na bibi harusi amesimama katikati kama mtu aliyepotea njia.

Nikatupa jicho chini kwenye mkeka, nikajua wakati ule ule. Ule utepe. Watu walikuwa wameukanyaga tangu saa nane, waya mmoja umechomoka ndani. Ilikuwa kazi ya kuinama, kuzima soketi, kufungua utepe na kusokota waya. Chai haijapoa umemaliza.

Lakini kuinama! Kwa gauni lile, mama Mwalimu akiwa mbele yangu hatua chache?

Nikabaki na kamera yangu jichoni.

Kina mama wakaibeba ile mashine mpaka mlangoni, wakampitishia mzee wa spika chini ya pazia. Mzee akaichomeka kwenye soketi ya barazani. Ikawaka! Wanaume huko nje wakashangilia. Ikarudishwa ndani, ikachomekwa kwenye ule waya. Kimya. Ikatolewa tena nje. Ikawaka. Ikarudi ndani, ikafa. Mzee akawa anaongea kupitia pazia. "Bonyezeni kile chekundu," anasema. "Tushabonyeza," wanamjibu. "Basi mwabonyeza vibaya." Hakuna aliyefikiria waya, maana mwenye kujua waya yuko nje na waya wenyewe uko ndani.

Hapana, mmoja ndani alijua. Mimi.

Mama yake Rukia akanijia, jasho linamtiririka kwenye vipodozi. Yule mama kanilisha tangu mdogo. Akanishika bega. "Mwanangu, fundi hapa ni wewe. Hebu tuokoe na aibu hii."

Na mimi, kwa sauti yangu nzuri ya kisomi niliyotoka nayo Mombasa, nikamwambia, "Samahani sana, mama. Mimi ni mtaalamu wa video. Mambo ya nyaya si fani yangu."

Aliniangalia kama mtu ambaye hajanisikia vizuri. Kisha akaniachia bega.

Rukia alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake cha maua. Waimbaji walijaribu kuimba kwa makoo matupu, lakini watoto wanalia, watu wananong'ona, ukiwa safu ya tatu husikii neno. Wanja wake ukaanza kuteremka. Akainua macho, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akanitazama moja kwa moja. Yeye alijua kwamba mimi najua. Redio ya kwao, pasi ya kwao, feni ya kwao, zote nimezitengeneza mimi na yeye akinishikia taa.

Nikageuza kamera nikapiga picha maua.

Wageni wa Mambrui walikuwa wamekuja na lori la kukodi, na dereva alikwisha anza kupiga honi. Wakaanza kuinuka. Katika kuinuka, shangazi mmoja wa Rukia, mtu mwenye mwili wake wa haja, akakanyaga mkeka juu ya kile kiungo. Spika zikanguruma! Mwimbaji alikuwa akimwambia mwenzake kwamba viatu vinambana, na mji mzima ukasikia kwamba viatu vinambana. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini wa Mambrui walikuwa wamekwisha jifunga buibui, na wimbo wa kumpokea bibi harusi hauimbwi mara mbili.

Mama Mwalimu hakucheka. Aliutazama mkeka, akanitazama mimi, akanisogelea. "Mwanangu, ulijua?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya mwisho. Nikasema, "La, mama. Mimi nimesomea video."

"Haya," akasema, akaenda kupanda lori.

Sasa aibu yenyewe. Kanda niliikabidhi kwa mwenye duka bila kuisikiliza. Nilitazama picha tu, zilikuwa safi, sikutoa hata moja. Mtaalamu mzima wa video nilisahau kwamba kamera ina sikio! Maikrofoni ya kamera iko mdomoni pangu kabisa. Kila mtu mle uani anasikika kwa mbali, lakini mimi nasikika kama redio ya taifa: "Mimi ni mtaalamu wa video. Mambo ya nyaya si fani yangu."

Ile kanda ilitazamwa nyumba kwa nyumba. Kina mama waliirudisha nyuma pale pale, wakaicheka, wakairudisha tena. Nikienda sokoni kununua samaki, muuzaji ananiambia kumpara magamba si fani yake. Nikiomba chumvi kwa jirani, ati yeye ni mtaalamu wa sukari. Malindi nzima ikapata fani.

Hayo niliyavumilia. Jambo ambalo sikulivumilia ni kimya cha Mambrui. Posa haikuja. Mwalimu mwenyewe alikuja mara moja, bila redio mkononi, akakaa kwenye benchi. Akasema mama yake amekataa, na yeye hawezi kuoa mama amenuna. Nikamuuliza mama amesema nini. Akasema, "Hakusema. Amekataa tu." Alipoondoka nilifunga karakana nikalia, nikalia kwa sauti, na baba alikaa nje ya mlango akajifanya hasikii. Baada ya miezi nikasikia ameoa.

Kibao nilikishusha mwenyewe. Baba hakuniambia "nilikwambia". Aliniletea tu pasi ya jirani, ile ile iliyokataliwa, akaiweka mezani.

Kwa Rukia nilikwenda nimeinamisha kichwa. Nilimwambia ukweli wote, kwamba nilijua, na kwa nini nilinyamaza. Alikaa akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, kanda yako naweza kuitengeneza, nitaifuta sauti yangu, nitie wimbo mzuri mahali pake, hutajua.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sauti haifutwi ng'o. Nikigombana na mume wangu twaiweka ile kanda, tukifika pale kwako twacheka, ugomvi waisha. Hicho ndicho ulichonipa siku ya harusi yangu, nikirudishe?"

Tukacheka sote, kisha mimi nikalia tena, naye akanipa kanga nijifute.

Mwezi uliopita mtu kaniletea salamu: kuna mama Mambrui friji yake ya mafuta imekufa, anataka fundi mwanamke. Nikauliza mama gani. Nikaambiwa. Nikataka kusema niko na kazi nyingi, ulimi ukakataa. Nikachukua mfuko wangu wa vyombo nikavuka mto Sabaki.

Mama Mwalimu alinipokea vizuri. Mke wa Mwalimu naye alinipokea vizuri, binti mpole, akanitengea ndizi za nazi. Mwalimu alikuwa shuleni. Nilisafisha dohani ya friji, pale panapopita moshi, nikakata utambi, kisha nikawaambia tuipindue kichwa chini miguu juu ikae mpaka kesho, maana friji za namna hii dawa yake ndiyo hiyo. Tukaipindua wanawake watatu tukihema. Kisha mama akaniletea cherehani. Nikaitazama. Akaleta redio. Akaleta taa ya pampu. Akaleta saa ya ukutani ambayo, alisema, haijatembea tangu mumewe afariki. Vyote nilivipigia magoti pale sakafuni, bisibisi mdomoni, na yeye kakaa kwenye kiti chake ananitazama.

Nilipomaliza saa, nikajikuta namwambia. "Mama, siku ile nilijua ni waya."

"Najua ulijua. Nilikuona ulivyouangalia."

"Nilidhani hutapenda mkwe wa kupiga magoti kwenye vumbi."

Akaichukua ile saa, akaiweka sikioni. "Mwanangu, mimi nilikuja harusini kwa sababu niliambiwa kuna msichana Malindi hakuna kitu kinachomshinda. Nilikushika mkono nikatafuta makovu, nikaona hina tupu. Nikasema si kitu, pengine yako chini. Asiyejua ningemchukua, atajifunza. Lakini anayejua akamwacha mwenzake alie, huyo nitamlaza vipi nyumbani mwangu?"

Nikaanza kurudisha vyombo vyangu mfukoni.

Kisha akafungua fundo la kanga yake, akaanza kunihesabia ujira wangu, na mara akaanza kucheka, mabega yanamtikisika. "Na hivi vyote," akasema, "vingetengenezwa bure."

Nikacheka nami. Ningefanyaje? Mkwe wake akatoka jikoni kuuliza tunacheka nini, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia.

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma, hasa vijana mnaokwenda kujifunza umeme, mashine, na hizi kompyuta tunazosikia zinakuja: chagueni fani. Simkosoi mkufunzi wangu. Video ndiyo niliyoizamia na mpaka leo siiachi, wenye mahoteli wananijua. Lakini mtu akikujia na shida ambayo dawa yake unaijua, usianze kumweleza wewe ni mtaalamu wa nini. Inama kwanza uitengeneze. Ukishasimama, na mikono yako bado michafu, hapo mwambie fani yako. Atakusikiliza, na mama yake pia atakusikiliza.